Poti za Kompyuta ya Mezani na Vichwa vya Kebo Zake

Poti ni tundu lililo kwenye kasha la kompyuta, ambamo kebo huchomekwa ili umeme, data, picha au sauti ipite kati ya kompyuta na kifaa kingine. Ncha ya kebo inayoingia humo ni kiunganishi, ingawa mafundi wengi huiita kichwa cha kebo tu. Umbo la tundu huonyesha kichwa kipi kitaingia, lakini halielezi kila mara kinachopita humo wala kasi yake, na hapo ndipo wengi hukwama.

Chukua USB. Toleo la 2.0 la mwaka 2000 hupitisha hadi megabiti 480 kwa sekunde, na la 3.0 la mwaka 2008 hadi gigabiti 5, ilhali tundu la mstatili limebaki lile lile ili flashi ya zamani iendelee kutumika kwenye mashine mpya. Ukichungulia ndani, utakuta la kwanza lina pini 4 na la pili lina 9, na mara nyingi kipande cha plastiki kinachozibeba katika la pili ni cha buluu. Rangi hiyo ni desturi tu, si sharti, lakini husaidia: kibodi na kipanya havihitaji kasi, basi viwekwe kwenye poti nyeusi, na ya buluu iachiwe diski ya nje. USB-C, ile ndogo yenye kingo za mviringo inayoingia upande wowote, ndiyo inayopotosha zaidi, kwa kuwa jina lake ni la umbo peke yake. Moja hupitisha picha hadi kwenye skrini, na nyingine inayofanana nayo kabisa haina uwezo huo.

Kwa upande wa picha, VGA iliyoletwa na IBM mwaka 1987 ina pini 15 katika safu tatu na skrubu mbili za kuikaza, na hupitisha mawimbi ya analogi, yaani umeme unaopanda na kushuka mfululizo. HDMI na DisplayPort ni za dijitali, yaani hutuma picha kama namba, tena zinaweza kubeba sauti katika kebo hiyo hiyo. Kwa sababu ya tofauti hiyo ya analogi na dijitali, kuunganisha kompyuta yenye HDMI na skrini ya VGA kunahitaji kigeuzi chenye sakiti ndani yake, na kigeuzi hicho hakifanyi kazi kinyume. Kebo nyingi za DisplayPort zina kibonyezo kwenye kichwa. Kibonyezwe kwanza, kwani wanaoivuta kwa nguvu huharibu poti.

Kompyuta yenye kadi ya michoro, yaani kibao cha ziada kinachotengeneza picha za skrini, huwa na poti za picha mahali pawili: juu, pamoja na poti za USB, na chini, kwenye kadi yenyewe. Skrini ichomekwe kwenye kadi. Mashine nyingi huzima poti za juu zinapoitambua kadi, na mtu huhangaika na skrini nyeusi akidhani imekufa.

Matundu ya duara ya sauti hufuata rangi: kijani ni ya spika, waridi ya maikrofoni, buluu ya sauti inayoingizwa kutoka kifaa kingine. Poti ya mtandao inafanana na ya simu ya mezani ila ni pana zaidi, na ina miguso 8.

Umeme huingilia kwenye soketi ya pini tatu ya pawasapulai, kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Kando yake, hasa kwenye mashine za zamani, huenda kukawa na swichi ndogo iliyoandikwa 115 na 230. Umeme wa majumbani Kenya na Tanzania ni wa volti 230 hadi 240, kwa hiyo kompyuta iliyotumika Marekani ikichomekwa huku swichi ikiwa bado kwenye 115, pawasapulai huungua papo hapo. Swichi hiyo ikaguliwe na kugeuzwa kabla kebo ya umeme haijachomekwa. Pawasapulai nyingi za sasa hazina swichi hiyo kwa kuwa hujirekebisha zenyewe. Kibandiko chake kikisoma 100-240V, hakuna cha kugeuza.