Bonsai ya Msonobari Haidumazwi kwa Njaa

Wapenzi wengi wa mimea mjini Nakuru huamini kwamba msonobari wa bonsai, yaani mti unaokuzwa chunguni ukiwa na umbo dogo, hubaki mdogo kwa sababu hunyimwa maji na mbolea, huku mizizi yake ikibanwa chunguni. Ukweli ni kwamba mti huo hulishwa vyema, na umbo lake hutokana na kupogolewa matawi na mizizi kwa miaka mingi; mbegu zake zikipandwa shambani, huota misonobari ya kimo cha kawaida.

Mizizi ndiyo huwaponza wengi. Mti mchanga huhamishwa kila baada ya miaka 2 au 3, na uliokomaa baada ya miaka 3 hadi 5, ambapo mizizi iliyojizungusha chunguni hupunguzwa bila kuoshwa yote, kwa kuwa udongo wa zamani hubeba kuvu inayoishi kwenye mizizi hiyo na kuisaidia kufyonza maji na madini. Changarawe nyepesi ya volkeno, ambayo si adimu karibu na Menengai, volkeno iliyo jirani na Nakuru, hufaa sana ikishachekechwa vumbi, maana msonobari hauvumilii maji yaliyotuama.

Matawi hukunjwa kwa waya wa shaba au alumini, unaotolewa kabla haujazama katika gome. Mwaka wa kuhamisha mti usiwe mwaka wa kuukata sana. Anayeharakisha kazi zote mbili katika msimu mmoja, kwa maoni yangu, anajitengenezea kuni ghali. Tena kila tawi liachiwe sindano mbichi, yaani majani yake membamba, kwa sababu ni nadra msonobari kuchipua upya kwenye tawi lililokwisha kuwa tupu.