Pareto ni ua, ila sumu iko palepale

Kuna hii imani ya miaka mingi kwamba dawa ya wadudu ikishatoka kwenye ua la pareto basi haina madhara, unapuliza tu popote. Hapana jamani. Pareto, hii inayolimwa Molo kule Kenya na Mufindi huku Tanzania, ina pirethrini, na hiyo inaingia kwenye mishipa ya fahamu ya mdudu inazuia vimilango vya kupitishia chembe za sodiamu visijifunge, mdudu anatetemeka mpaka anaanguka. Na nyuki naye ni mdudu, dawa haimbagui. Samaki ndo anaumia vibaya, hata kwa kiasi kidogo sana.

Watu wanaiona salama kwa sababu mwili wa binadamu unaivunja haraka, halafu juani haikai. Hapo ndo mwanakemia Michael Elliott na wenzake pale kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, miaka ya 1970 wakatengeneza permethrini, ndugu yake wa maabara anayevumilia jua zaidi. Hiyo inang'ang'ania kwenye udongo na tope wiki kadhaa, na ini la paka haliimudu, yaani ile dawa ya viroboto ya mbwa ukimpaka paka anaweza kushikwa na degedege akafa, tafadhali msijaribu.

Kwa hiyo chandarua chenye dawa ya jamii hii fulia kwenye beseni, usikipeleke mtoni wala ziwani, kianike kivulini maana jua linaila dawa, na yale maji mwaga chooni au kwenye shimo mbali na kisima.