Simu Haijazeeka, Betri Ndiyo Imechoka

"Fundi, simu imekuwa nzito." Mteja akishaanza hivyo, mara nyingi moyoni ameshanunua nyingine, kwangu amefuata baraka tu. Ninachomwambia hakimfurahishi: tuangalie betri kwanza.

Betri ya lithiamu huchakaa kwa njia mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua, kwamba chaji haikai. Ya pili imejificha: ukinzani wa ndani ya betri, yaani ugumu wa umeme kupita ndani yake, hupanda kadiri inavyozeeka. Ukifungua kamera na kuwasha flashi, prosesa (ubongo wa simu), kioo na taa vinadai umeme kwa mkupuo. Betri changa inautoa bila shida. Iliyochoka inajitahidi, volti inaporomoka kwa sekunde chache, na simu inajizima ili isiharibike. Ndiyo maana unaiona asilimia 30 halafu giza, ukiichomeka kwenye chaja inawaka kama haijawahi kuumwa. Kwenye baridi ndiyo balaa zaidi.

Apple ilikutana na tatizo hili kwenye iPhone 6 na 6s. Dawa yake, iliyokuja na sasisho la mfumo wa simu hizo, iOS 10.2.1, mwanzoni mwa 2017, ilikuwa kupunguza kasi ya prosesa pale betri inapokuwa dhaifu. Kama fundi sioni ubaya wa dawa yenyewe: heri simu inayojikokota kuliko inayozima katikati ya mazungumzo. Ubaya ni kwamba mwenye simu hakuelezwa. Aliona tu simu inasuasua, akaamua imepitwa na wakati. Desemba ya mwaka huo John Poole wa Primate Labs, watengenezaji wa Geekbench, programu ya kupima kasi ya simu, alichapisha grafu za alama za vipimo vya simu hizo, na ilionekana wazi kwamba baada ya masasisho alama zilijirundika kwenye ngazi za chini. Apple ikaomba radhi, na kwa mwaka mzima wa 2018 ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29 kwa simu ambazo muda wa dhamana ulikuwa umekwisha. Mwaka 2020 Ufaransa iliitoza faini ya euro milioni 25, na huko Marekani ikakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi.

Faini hizo hazikunishtua. Kilichonifumbua macho ni barua ya Tim Cook, mkuu wa Apple wakati huo, kwa wawekezaji ya Januari 2019, alipokuwa akieleza kwa nini mapato ya robo mwaka yangekuwa chini ya makadirio. Sababu kubwa aliyoitaja ni China. Lakini miongoni mwa sababu za watu kutonunua iPhone mpya kama ilivyotarajiwa, aliitaja pia ile bei nafuu ya kubadilisha betri. Watu waliwekewa betri mpya, simu zikarudi kwenye mwendo wake, hamu ya simu mpya ikaisha. Wangapi kabla yao walitupa simu nzima kwa sababu ya kipande kimoja?

Hapa sitaki kuwalaumu watengenezaji peke yao. Hata dola 79 ilikuwa sehemu ndogo tu ya bei ya simu mpya, lakini wengi hawakuuliza. Simu mpya inauzwa kwa furaha, kamera na rangi. Betri mpya haina cha kumwonyesha jirani. Na simu ikilipwa kidogo kidogo kila mwezi, bei yake kamili huwa haiumi.

Kuhusu gundi inayofunga simu za siku hizi, hapo nina ugomvi. Tunaambiwa simu imefungwa ili maji yasiingie. Galaxy S5 ya Samsung ya 2014 ilikuwa na mfuniko wa kubandua kwa kucha na betri ya kutoa kwa mkono, na bado ilikuwa na kiwango cha IP67, yaani inahimili kuzama mita moja kwa nusu saa. Mwaka uliofuata S6 ikaja na kioo mbele na nyuma, betri ndani kabisa. Ukweli ni kwamba wanunuzi waliicheka plastiki ya S5, kampuni ikawasikia. (Kisha hicho kioo kizuri tukakivalisha kava ya plastiki.)

Basi leo kubadilisha betri ni kazi ya subira. Napasha kingo moto, navuta kioo kwa kinyonyo, napitisha kipande chembamba cha plastiki nikiombea nisiguse waya. Chini ya betri kuna utepe wa gundi unaopaswa kuvutwa taratibu. Ukikatika, nadondosha spiriti pembeni, nasubiri ilainike, kisha nanyanyua betri bila kuikunja, kwa sababu betri ya lithiamu ikikunjwa inaweza kushika moto. Baada ya yote hayo kuna simu zinazotoa ujumbe kwamba betri haitambuliki, kwa kuwa programu imeiunganisha betri ya kiwandani na ubao wa simu hiyo, na haikubali nyingine. Mteja akisoma hivyo anadhani ametapeliwa.

Umoja wa Ulaya umeanza kubana. Tangu Juni 2025 simu mpya zinazoingizwa kwenye soko lake lazima ziwe na betri inayobakiza angalau asilimia 80 ya uwezo baada ya kuchajiwa mizunguko 800 (mzunguko mmoja ni sawa na kujaza chaji yote mara moja), na vipuri vipatikane kwa miaka saba baada ya modeli kuondolewa sokoni. Betri nayo inatakiwa ibadilike kwa urahisi hata nyumbani, ila kuna mlango wa nyuma: simu isiyoingia maji, ambayo betri yake inabakiza asilimia 83 baada ya mizunguko 500 na 80 baada ya 1,000, inaruhusiwa kuachiwa mafundi. Nadhani kampuni kubwa zitapita mlango huo huo na gundi itabaki. Kwa mnunuzi si hasara: betri ya mizunguko 1,000, ikichajiwa mara moja kwa siku, inakaribia miaka mitatu kabla hajaanza kulalamika kwamba simu ni nzito.