Mkutano wa kwanza wa kuacha pombe usikukatishe tamaa

Hapa kwenye kitengo chetu cha uraibu swali tunaloulizwa sana na mtu anayetaka kuacha pombe wala si dawa gani atumie, ni hili: "sasa huko kwenye mikutano nikifika nasema nini?" Yaani mtu kashakubali ana shida, kashakubali asaidiwe, ila kile chumba cha viti vya duara ndo kinamtisha kuliko hata hospitali.

Husemi kitu kama hutaki. Unakaa, zamu ikikufikia unataja jina la kwanza tu, unasema leo nimekuja kusikiliza, inapita kwa mwenzako. Hakuna kadi, hakuna ada, kuna kikapu kinazungushwa lakini mgeni hategemewi kuweka kitu. Kwa Alcoholics Anonymous, chama cha watu wanaosaidiana kuacha pombe, wale wengi mnawajua kama AA, sharti la kuwa mwanachama ni moja tu, uwe na nia ya kuacha kunywa. Hata kama jana umelewa.

Ila kabla sijaendelea, wewe unayekunywa kila siku, asubuhi mikono inatetemeka mpaka uzimue, usikate pombe ghafla nyumbani eti kwa sababu jioni una mkutano. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa, ndani ya saa 6 mpaka 24 unaanza kutetemeka na kutoka jasho, wengine wanapata degedege ndani ya siku mbili za kwanza, na siku ya 2 au ya 3 mtu anaweza kuweweseka, kuona vitu visivyokuwepo, na wapo wanaokufa. Hilo ni la hospitali, mkutano utasubiri.

Kuvipata vikundi si kazi kubwa siku hizi, tovuti ya AA ina orodha ya nchi na namba za kupiga, na kitengo cha afya ya akili au ustawi wa jamii hospitalini huwa wanajua nani anakutana wapi. Ukiona ni ukumbi wa kanisa usikimbie, mara nyingi wamepewa au wamekodi chumba tu. Ratiba za mtandaoni zinazeeka haraka kwa hiyo piga simu kwanza uulize mambo mawili, je bado mnakutana siku hiyo, na je mkutano ni wa wazi au wa wenye shida ya pombe peke yao, maana ule wa wazi unaweza kwenda na dada yako au rafiki akusindikize, huu mwingine mwenzio ataachwa mlangoni. Kama mbali kabisa kuna mikutano ya kwenye simu, kamera unaweza kuzima.

Kuna mzee mmoja (jina nalihifadhi, ndo utaratibu wenyewe) alifika mara tatu akaishia nje akigeuza funguo mkononi, watu wanaingia yeye anaangalia. Mara ya nne tulimwambia awahi dakika 15. Alikuta mtu mmoja tu anapanga viti, akaambiwa shika upande huo, na watu walipoanza kuja wakamkuta yuko ndani anapanga viti kama mwenyeji. Tangu hapo kila mtu namwambia awahi, ukichelewa ndo macho yote yanakugeukia.

Sasa kosa ninaloliona kila mwezi ni mtu kwenda mara moja, akakuta wazee watupu, au wanaongea sana Mungu, au kuna mmoja kashika maiki haachii, anarudi anasema mikutano hainifai. Hapana, hicho kikundi ndo hakikufai. Jaribu vikundi vitatu, kila kimoja mara mbili, ndo uamue. Na kama habari za Mungu zinakukwaza kweli, kuna SMART Recovery, vikundi vingine vya kusaidiana, walianza 1994, wao wanatumia mbinu za kisaikolojia za kubadili fikra na mazoea. AA yenyewe ilianza 1935 mji wa Akron, Marekani, mwanzilishi wake Bill Wilson kaacha pombe miezi michache tu, biashara imeharibika, yuko hotelini kiu imempanda, akaanza kupiga simu kutafuta mlevi mwingine wa kuongea naye mpaka akafikishwa kwa daktari mmoja, Bob Smith, naye mlevi vilevile.

Na inasaidia kweli, si maneno ya kufarijiana. Mapitio ya 2020 ya Cochrane, shirika la kimataifa linalochambua tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000, waliopewa matibabu ya kuwaunganisha na AA, baada ya mwaka 42 kati ya 100 walikuwa hawajagusa pombe kabisa, wa matibabu mengine 35.

Ukizoea utatafuta sponsa, mtu aliyekutangulia kuacha, wa kumpigia kiu ikipanda. Usimkubali wa kwanza anayekung'ang'ania. Na akikwambia acha dawa ulizopewa na daktari, badilisha sponsa. Ukiteleza ukanywa mpigie vilevile, hata kwa aibu, mwambie umekunywa na umuulize mkutano unaofuata ni lini.