Ugaidi ulivyobadili sera ya ulinzi ya Ulaya

Desemba 1998, Tony Blair na Jacques Chirac walikutana Saint-Malo, Ufaransa, wakakubaliana kwamba Umoja wa Ulaya uwe na uwezo wake wa kijeshi. Bosnia ilikuwa imewatia aibu: vita viliwaka mlangoni mwao, wakabaki kuisubiri Marekani. Mwaka uliofuata, mjini Helsinki, viongozi waliweka lengo la wanajeshi hadi 60,000, watakaoweza kupelekwa ndani ya siku 60 na kukaa huko mwaka mzima. Hesabu hiyo ilipigwa kwa kuangalia vita vya Balkani, eneo ilipo Bosnia: kazi ingekuwa kutenganisha majeshi hasimu na kusimamia usitishaji wa mapigano.

Tarehe 11 Machi 2004, mabomu yaliyotegwa kwenye treni za abiria mjini Madrid yaliua watu zaidi ya 190. Jeshi, hata liwe kubwa namna gani, halikagui kila begi kwenye behewa.

Kwa hiyo anayetaka kuona Ulaya ilipobadilika kweli aanzie mahakamani, si kambini. Rachid Ramda alikamatwa London mwaka 1995, akituhumiwa kuhusika na milipuko iliyotokea Paris mwaka huohuo. Ufaransa ilimdai, mawakili wakapinga, rufaa ikazaa rufaa, na akakabidhiwa Desemba 2005. Miaka kumi! Sasa mtazame Hussain Osman, mmoja wa waliobeba mabomu yaliyoshindwa kulipuka London tarehe 21 Julai 2005. Alikimbilia Roma, akakamatwa kabla Julai haijaisha, na Septemba alikuwa amesharudishwa Uingereza. Kilicholeta tofauti ni hati ya Ulaya ya kukamata watuhumiwa, iliyoanza kutumika Januari 2004. Kwa hati hiyo mahakama ya nchi moja humkabidhi mtuhumiwa kwa mahakama ya nchi nyingine, bila uamuzi kupitia mezani kwa waziri. Kwa aina 32 za makosa mazito, ugaidi ukiwamo, hakuna tena haja ya kubishana kama kosa hilo linatambuliwa na sheria za nchi zote mbili.

Jeshi nalo halikuwekwa kando. Baada ya mashambulizi ya Paris ya Novemba 2015, yaliyoua watu 130, Ufaransa iliwaomba wenzake msaada kwa Ibara ya 42(7) ya Mkataba wa Umoja wa Ulaya, inayozitaka nchi wanachama kumsaidia mwenzao aliyeshambuliwa. Ilikuwa mara ya kwanza ibara hiyo kutumika. Ilikuwapo pia Ibara ya 222 ya mkataba mwingine wa Umoja huo, inayotaja ugaidi waziwazi, lakini hiyo inapitia taasisi za Umoja huo mjini Brussels. Paris ilipendelea kuzungumza na kila serikali moja kwa moja. Ujerumani ikatoa ndege za upelelezi na manowari, ikaongeza askari Mali ili Wafaransa wapumue. Vikosi vya pamoja vya Umoja wa Ulaya, kila kimoja cha askari wapatao 1,500, vilivyokuwa tayari tangu 2007, havikuguswa. Kwa maoni yangu hilo linaeleza mengi kuliko matamko yote ya viongozi.

Nje ya mipaka yake, Ulaya imependelea kufundisha na kulipa. Mwaka 2010 ilianza kuwafunza askari wa Somalia huko Bihanga, Uganda. Vilevile ikabeba posho za askari wa Umoja wa Afrika waliokuwa wakipambana na Al-Shabaab. Januari 2016 ilipunguza mchango huo kwa asilimia 20, na nchi zilizopeleka askari zikalalamika: waliokuwa wakifa walikuwa vijana wao.