Kumjua Mtu Si Kujua Habari Zake

Wengi wamezoea kuamini kwamba kumjua mtu ni kukusanya habari zake, na kwamba mwenye habari nyingi ndiye anayemjua zaidi. Mama anayeniuzia sukuma wiki hapa Umoja, Nairobi, hajui jina la ukoo wangu wala kazi yangu; hata hivyo, nikifika kimya jioni, huweka kisu juu ya majani aliyokuwa akiyakatakata, akanitazama, kisha akauliza, "Leo kuna nini, mwanangu?" Faili yangu ya benki ina tarehe niliyozaliwa, lakini haiwezi kuuliza hivyo.

Baadhi humtaja mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1912 alitenganisha ujuzi wa kukutana na kitu moja kwa moja na ujuzi wa maelezo, wakidhani alizungumzia urafiki. Sivyo. Kwake, tunachokutana nacho hivyo ni mambo kama rangi na sauti zinavyotufikia, ilhali nafsi ya mwenzetu hujulikana kwa maelezo tu. Kwa maoni yangu, Kiswahili kinatufaa zaidi hapa: watu hujuana, na kitenzi hicho kinadai pande mbili, jambo ambalo tarehe ya kuzaliwa haiwezi kulitimiza.