Kwa nini simu iliyolala miaka huamka mwaka 1970, saa tisa usiku?

Juzi nilikuwa kwa fundi wa simu hapa Kisumu, kibanda kando ya steji. Mama mmoja alileta simu iliyokaa kabatini miaka. Ilipopata chaji, kioo kikaonyesha: 1 Januari 1970, 03:00. "Fundi, hii imerukwa na akili? Mwaka huo hata sijazaliwa!"

Haijarukwa na akili. Kompyuta na simu nyingi huhesabu sekunde tangu saa sita usiku wa 1 Januari 1970, kwa saa za Greenwich, Uingereza. Simu iliyokaa miaka bila chaji hupoteza hesabu hiyo na kuanza tena sifuri. Sisi tuko mbele saa tatu, kwa hivyo sifuri yao kwetu ni saa tisa usiku.

Mifumo ya zamani iliitengea hesabu hiyo biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1. Moja huonyesha kama nambari ni chanya au hasi, zinabaki 31, na kila moja huongeza hesabu maradufu. Chukua punje moja ya mahindi, ifanye mbili, kisha nne, nane, hivyo hivyo mara 31: utapata 2,147,483,648. Punje tatu zikiwa gramu moja, hayo ni karibu magunia 8,000 ya kilo 90! Punguza moja, maana sifuri nayo inataka kiti, ubaki na 2,147,483,647. Sekunde hizo zitatimia Jumanne, 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, saa zetu. Sekunde inayofuata, mfumo usiorekebishwa utageuka hasi na kudai ni Desemba 1901. Mifumo mipya hutumia biti 64, haina shida hiyo.

Ila utamu wenyewe uko kwingine: nambari hii, 2,147,483,647, ni tasa, haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe. Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, alilithibitisha hilo mwaka 1772, bila kikokotoo, tena akiwa karibu haoni kabisa. Kwa njia ya kawaida ungejaribu kila nambari tasa hadi 46,340 (ukiizidisha kwa yenyewe unakaribia nambari yetu), nazo ni 4,792. Euler aligundua kwamba kigawanyo tasa chochote cha nambari hii, ukikigawa kwa 248, lazima kibakishe 1 au 63. Basi 3, 7, 13 na maelfu ya wenzao wakatupwa nje bila kuguswa. Tasa ya kwanza inayopita mlangoni ni 311. Igawe mwenyewe: inaingia mara 6,905,092, inabaki 35. Imeshindwa, na zote zilizofuata zilishindwa.

Usidhani ni kawaida ya nambari za aina hii. Fanya vivyo hivyo mara 11 badala ya 31, upate 2,047, nayo ni 23 mara 89. Waliochagua biti 32 walikuwa wakirudufu 8 na 16 tu. Utasa ulikuja kama nyongeza ya muuzaji.

Yule mama hakungoja maelezo yote. Fundi alipoweka tarehe, aliuliza tu kama picha zake bado zipo. Zilikuwepo.